Jina Kwanza

Vijana walikuwa wameng'oa reli pale Kibera kwa hasira ya kura, na treni ya abiria ikaanguka ubavu. Madirisha ya upande mmoja sasa yalikuwa dari. Mlango wa behewa ulikuwa unawaka.

Mwongeli alipanda juu ya viti, akazungushia ngumi leso, akapiga kioo mpaka kikavunjika. Moshi ulimfuata kooni.

Kutoka juu ukashuka mkono wa mwanamume, ukamshika barabara.

"Jina kwanza," sauti ya mtu mwingine ikasema huko nje. "Sisi hatutoi adui."

Jibu alikuwa nalo. Tangu majirani Wakamba wenzake waanze kufukuzwa, alikuwa akilifanyia mazoezi kila akichota maji: Aketch, jina la Kijaluo. Akafungua kinywa alitaje. Kipande cha kioo kilichobaki dirishani kikampasua kwapa, na maumivu hayaazimi lugha.

"Mwaitu," akalia. Mama, kwa Kikamba.

Ule mkono ukalegea.

Kisha ukakaza kuliko mwanzo, na uso wa yule mwanamume ukainama mpaka sikioni pake. "Nyamaza, dada," akamnong'oneza, kwa Kikamba kilekile cha kwao Machakos. Halafu akainuka, akawageukia wenzake.

"Anaitisha maji tu. Nisaidieni tumvute."

Hakuna aliyesogea.

"Na wewe," ile sauti ikauliza polepole, "Kikamba umejulia wapi?"