Mama Zima-Taa Awasha Taa Saba

Saa sita mchana, jua likiwa utosini, Mama Zima-Taa alipita chumba hadi chumba akiwasha taa. Zilipotimia saba, akawasha feni tatu, akachomeka pasi, kisha akaketi kwenye cherehani yake ameshika kifua.

Mumewe alikuwa amerudi kuchukua miwani aliyoisahau. Alisimama mlangoni, akatazama juu, akatazama chini, halafu akaja kumgusa mkewe paji la uso.

"Sina homa," alisema mkewe. "Natafuta mkopo."

Mwanamke huyu jina lake la utani hakuliokota barabarani. Alikuwa fundi cherehani, na alizima taa hata kwenye nyumba za watu aliokwenda kuwapima nguo. Bili yake ya umeme ilikuwa uniti arobaini kwa mwezi, pamoja na pasi inayofanya kazi kutwa, na stakabadhi aliwaonyesha wageni kama wengine wanavyoonyesha picha za wajukuu. Siri, alisema, ni haba na haba.

Tatizo lilikuwa paa. Nyumba haikuwa na dari, na bati lilipopata moto chumba cha kushonea kiligeuka tanuri. Jasho lake lilikuwa limedondokea gauni la harusi la hariri, bibi harusi akalia, na mama wa bibi harusi akalipeleka gauni kwa fundi mwingine. Wangeondoka wateja wawili watatu zaidi wa namna hiyo, cherehani ingebaki ya kuuzwa.

Chama cha akiba cha mtaani kilitoa mkopo wa kutengeneza nyumba ili zisile umeme: dari yenye tabaka la kuzuia joto, bati la kupitisha mwanga, na marejesho yatoke kwenye kile utakachookoa kwenye bili. Afisa mikopo, bwana mmoja mpole mwenye kalamu nyuma ya sikio, alizisoma stakabadhi zake akacheka kwa heshima. Masharti yalitaka mwombaji awe anatumia angalau uniti mia na ishirini kwa mwezi, miezi mitatu mfululizo.

"Mama, wewe huna cha kuokoa," alimwambia. "Marejesho yatatoka wapi?"

Ndiyo maana ya zile taa saba.

Kufuja kulimuuma, lakini alijikaza. Mwezi ulipokwisha bili ikaja: thelathini na mbili. Imeshuka! Mumewe akasema mkono wake umebarikiwa, hata kutapanya hauwezi. Mwezi wa pili alichemsha maji ambayo hakuna aliyeyaoga. Ishirini na tano. Mwezi wa tatu aliwaita mashoga zake waje na nguo zao wapige pasi bure. Kumi na tisa.

Mwenye shida ya kweli, kwa maoni yake, alikuwa jirani, Mwalimu mstaafu. Nyumba zao zilikuwa pacha, zimeshikana ukuta mmoja. Mzee aliishi peke yake na balbu moja, redio na friji kuukuu, lakini tangu mita mpya zifungwe bili yake ilikuwa haishikiki, na mtaa mzima ulimwita mfujaji. Mama Zima-Taa alimwonea huruma. Alimshauri azime friji, asomee barazani, alale mapema. Mwalimu aliyaandika yote kwenye daftari, akayafuata neno kwa neno, akamshukuru. Bili yake ikazidi kupanda.

Afisa mikopo alikuja mwenyewe kuleta jibu, kwa sababu jibu lilikuwa baya na yeye alilelewa vizuri. Kwenye fomu alikuwa ameshaandika "Hapana". Akakuta taa saba zinawaka mchana kweupe, feni tatu zinavuma, na mashoga wawili wanagombea pasi. Akaitazama tena ile stakabadhi ya uniti kumi na tisa.

"Ndugu yangu, nimefuja kwa moyo wangu wote," alisema Mama Zima-Taa, na machozi hayakuwa mbali. "Mita ndiyo hainitaki."

Afisa akaomba aione. Mita zilikuwa mbili, ndani ya kasha moja nje, pale nyumba zilipokutana. Moja ilikuwa inahesabu mbiombio. Nyingine ilikuwa inasinzia.

"Hii inayokimbia ni ya nani?"

"Ya Mwalimu. Nimemshauri mpaka nimechoka, maskini."

"Basi tuizime hii yako kidogo, niikague."

Akabonyeza swichi. Upande wa pili wa ukuta redio ikakatika katikati ya taarifa ya habari. Ndani kwa Mama Zima-Taa taa zote saba zikaendelea kuwaka, feni zikaendelea kuzunguka, na shoga mmoja akauliza kama kuna shati jingine la kupiga pasi.

Afisa alichomoa kalamu sikioni, akakata neno moja kwenye fomu na kuandika jingine.

Ndipo sauti ya Mwalimu ikaja kutoka upande wa pili, ya upole kama siku zote.

"Jirani, sasa na redio imezimika. Nimebakiwa na nini tena cha kuzima?"