Mbwa Aliyewashwa na Mbelewele

Kwaru, kwaru, kwaru. Usiku wa manane Paka, aliyezaa juzi, alisikia mkwaruzo nje ya ghala, akadhani ni Kicheche amewafuata wanawe, akachungulia, kumbe ni Mbwa mlinzi anajikuna.

"Shemeji, una nini?"

"Nimerogwa. Kila mwaka mahindi yakitoa mbelewele nawashwa hivi. Bwana anasema ni upele, kesho ananifukuza."

Paka akawawaza wanawe. Mbwa akiondoka, Kicheche hatakawia.

"Hujarogwa wewe, unashinda umelala kwenye mahindi, vumbi la mbelewele linakuganda manyoyani, usiku unalala nalo. Twende ukaoge kwenye karai, sasa hivi, kabla hakujakucha."

Mbwa akacheka. "Maji huogopwa na paka. Mimi nimeshakimbiza fisi."

"Basi tangulia."

Mbwa akachovya ukucha mmoja, akarudi nyuma, mkia katikati ya miguu. Paka, ambaye hata umande humkera, akawakumbuka wanawe, akafumba macho, akarukia ndani. Mbwa akaona haya, akaingia, akalia kama kitoto mpaka vumbi lote likatoka.

Asubuhi bwana alimkuta amelala fofofo, hajikuni, akamwachia ugali akaenda zake.

"Shemeji," Mbwa akamnong'oneza Paka, "Kicheche hatawagusa wanao nikiwa hai. Mahindini silali tena, na kuoga nitaoga. Ila kile kilio changu cha jana..."

"Kilio gani, shemeji? Masikio yangu yalijaa maji. Na hata yasingejaa, simwambii yeyote."