Harufu ya Chapati Kwenye Ndevu

Madina alizinusa ndevu za mumewe, akazinusa tena, akashika kiuno. Hakukosea. Chapati. Tena chapati ya mafuta, na ndani yake yai.

"Baba Shakib, umekula nini?"

"Mimi? Karanga kidogo tu," Muniru akajibu, akaigeukia kalenda ukutani kana kwamba leo ndiyo kwanza anaiona.

Miezi mitatu! Miezi mitatu mizima Madina alikuwa amemlinda mwanamume huyu kama mtoto mchanga. Yote yalianza siku Nesi Elinah na wenzake walipopiga hema karibu na maegesho ya malori, Busia upande wa Uganda, wakawapima watu sukari bure. Madina na Muniru walipanga foleni pamoja, wakatobolewa vidole. Lakini majibu yalipokaribia kutoka, Madina akaanza kuitazama njia ya kutokea. Mama yake, kule Mukuju, alikatwa mguu kwa sababu ya sukari, na tangu hapo neno lenyewe hakutaka kulisikia. Akasema wateja wa vitenge wanamngoja, akamwachia Muniru apokee majibu yote, akaondoka karibu anakimbia.

Jioni Muniru akarudi nyumbani amenywea.

"Mama Shakib, sukari inaanza kupanda. Nesi anasema haijawa ugonjwa bado, lakini tukicheza nayo itakuwa. Chakula kibadilike, miguu itembee."

Madina alilia kidogo, kisha akafunga kibwebwe. Mume wake hafi, labda dunia iishe.

Ila Muniru alikuwa na sharti moja. "Peke yangu siwezi. Wewe ukikunywa chai ya sukari, mimi pia nakunywa. Ukila wali mlima, na mimi nakula mlima."

Basi Madina, aliyekuwa akinywa vikombe vitano kwa siku, kila kimoja vijiko vinne, akazoea chai ya tangawizi isiyo na sukari. Soda ya saa saba dukani akaiacha. Usiku wakala kalo, ugali wa wimbi, tonge dogo, na mboga ya dodo ya kujaza nusu sahani, maharage, samaki wa kuchemsha. Kila jioni wakatembea kwa miguu, wakishika njia ya Tororo mpaka jasho liwatoke. Mwezi wa kwanza Madina alikuwa akiomba wapumzike kila kona. Mwezi wa tatu alikuwa mbele, anampigia mumewe makofi: "Twende, mgonjwa wangu, twende!" Magauni yakamlegea. Akawaambia majirani anakonda kwa mawazo ya mume.

Na sasa mgonjwa mwenyewe ananuka yai!

Jumanne Muniru akaaga. "Nakwenda Molo, huku Tororo, kubeba mahindi."

Madina akafunga duka, akamfuata. Molo gani! Muniru aliishika barabara ya mpakani, akavuka kwenda Kenya huku anapiga mluzi. Madina akarukia bodaboda. Buibui likapepea nyuma yake kama bendera, dereva akicheka mpaka pikipiki ikayumba.

Alimkuta kwenye kibanda cha Quinter, mpika chapati, upande wa pili. Muniru alikuwa amefumba macho kwa raha, mashavu yamejaa.

"Tema!"

Muniru akameza.

"Aki mathe, tulia!" Quinter akasema, mwiko mkononi. "Huyu hana shida. Kila Jumanne chapati nne, na mayai mawili, halafu anaenda zake."

"Kila Jumanne!" Madina akamshika mumewe mkono wa kanzu. "Simama. Leo unapimwa. Nataka kujua umejiua kiasi gani."

Wakarudi kuvuka mpaka, yeye akivuta, Muniru akivutwa, wachuuzi wakiwapisha na kushangilia kama arusi inapita. Kilichomshangaza Madina ni kwamba mhalifu wake hakuonekana kuogopa hata kidogo. Alikuwa akitabasamu chini ya ndevu.

Kwenye zahanati, Nesi Elinah aliwasikiliza, akakaza midomo asicheke.

"Nina kipimo kinachoonyesha miezi mitatu yote," alisema. "Chapati ya leo haiwezi kukidanganya hicho."

"Hicho hicho!" Madina akasema.

Muniru akatoa kidole. Kisha akasema polepole, "Nesi, na yeye mpime."

Madina akarudi nyuma hatua mbili. Mawazoni akauona mguu wa mama yake uliokatwa. "Mimi siumwi. Tumekuja kwa ajili yako."

"Najua. Lakini tumekula pamoja, tumetembea pamoja. Tupimwe pamoja." Akaushika mkono wake, na sauti yake haikuwa na mzaha tena. "Mama Shakib. Niko hapa."

Alikaa. Akafumba macho. Akajiambia anafanya hivi ili amwaibishe mwanamume huyu mbele ya nesi, maana sukari yake yeye itatoka safi na ya mumewe itatisha. Sindano haikumuuma kama alivyokumbuka.

Mashine ikanguruma dakika nyingi. Muniru hakukitazama kidole chake mwenyewe hata mara moja; alimtazama Madina.

Nesi Elinah akasoma, akafungua daftari la siku ile ya hema, akalinganisha, akasoma tena. Tabasamu likamfika masikioni.

"Mzee, wewe ni kama siku ile. Huna shida, na hujawahi kuwa nayo."

Kisha akamgeukia Madina, akamshika mikono yote miwili. "Hongera, mama. Yako imeshuka."