Mstari wa Kobe

Mniwie radhi, hekaya hii nitaisimulia vibaya, maana anayeijua vizuri hataki kuisimulia. Kwenye ranchi moja, wanyama walimchagua rais kwa kupanga mstari nyuma ya wanayemtaka. Zamani ng'ombe wote walisimama nyuma ya Kobe, mpole wa watu. Kisha vijana wakahamia kwa Mbuni, mwenye mbio. Uchaguzi uliofuata mama zao wakawafuata, halafu baba zao, mpaka nyuma ya Kobe akabaki Ng'ombe mmoja mkongwe, akiwatazama wajukuu wake ng'ambo wakisuguana mbavu.

“Bibi, njoo huku kuna joto,” wajukuu wakamwita.

“Nikija, huyu mzee atasimama na nani?”

Mwaka huu hamu ikamzidi. “Kobe, nisamehe. Nimewakumbuka wanangu. Nakwenda.”

Kobe akashusha pumzi. “Bibi wee, si ungesema mapema? Miaka yote hii nagombea ili wewe usikose pa kusimama. Mimi mwenyewe ningeshahamia kwa Mbuni zamani.”

Wakavuka pamoja, Ng'ombe akimsubiri kila hatua. Mbuni akapata kura zote. Mimi ningekuwa Kobe ningedai zihesabiwe upya, na ndiyo maana nyuma yangu hasimami mtu.