Mkondo wa Torleif

Torleif alivua mkanda, saa na viatu vyenye misumari, akajibanza ndani ya kibanda cha vipimo nyuma ya nyumba yake mwenyewe, kama mwizi wa kuku. Leo lazima aushuhudie mkondo wake wa umeme wa angani.

Tangu majira ya baridi yaanze, kila Alhamisi mchana, sindano ya kipimo cha sumaku ilikuwa ikiruka na kuacha alama kwenye karatasi yake. Aliamini maana yake ni moja tu: huko juu angani, inakocheza mianga ya kijani iitwayo taa za kaskazini, umeme mwingi ulikuwa ukipita. Ni kweli kwamba hata chuma kikisogea karibu sindano huruka, lakini hapo kwao Finnmark, kaskazini mwa Norwe, nani asiyejua? Magari huachwa chini barabarani, na mtu hupanda kilima kwa miguu.

"Taa hizo huzushwa na jua, na jua halina kalenda," mhariri wa jarida alimwandikia. "Uuone kwa macho yako kwanza, ndipo tuuchapishe kwa jina lako."

Kwa jina lake! Torleif yule yule aliyewahi kutangaza dhoruba ya sumaku, kumbe ni funguo zake mfukoni. Torleif ambaye hata mbwa wake humwitikia akijisikia tu. Alijicheka kimoyomoyo. Tatizo, Alhamisi ndiyo siku yake ya kwenda mjini, na mkondo haukuwahi kutokea akiwepo.

"Unakuonea haya," mkewe Ragnhild humtania, akimfungia mkate na jibini. "Haya, nenda mzee wangu, utachelewa."

Naye rafiki yake Gudmund, mwenye goti bovu, humtia moyo: "Wewe tazama juu tu, ndugu yangu. Ya huku chini tuachie sisi."

Leo aliaga kama kawaida, akazunguka kilima, akarudi kimya kimya.

Sindano ikatikisika, kisha ikaruka hadi mwisho. Moyo nao ukaruka. Sasa hata Oslo watamjua mjinga wa Finnmark! Akatoka mbio na soksi zake kwenye giza la mchana wa Desemba, mwezi ambao huko jua halichomozi, akainua uso kuitafuta ile mianga ya kijani.

Hakukuwa na kitu ila nyota.

Akashusha macho. Kando ya mlango wa jikoni, juu ya theluji, lilikuwa limeegeshwa gari la Gudmund, na Ragnhild alikuwa akilifunika kwa shuka jeupe la kitandani, upesi upesi, kama mtu aliyeizoea kazi hiyo.