Mbeba Machela wa Tatu

Kijana aliyesimama mlangoni alikuwa amekumbatia boksi pana kuliko kifua chake, na hakuna mtu ndani aliyemtarajia.

"Umepotea nyumba, mwanangu," mama alimwambia.

"Sijapotea, mama. Hapa si kwa Bibi Afya? Nimeleta TV."

Bibi Afya alitoka chumbani mbio. Alikuwa ameagiza TV iletwe Jumatatu, wazazi wakiwa kliniki, ili wakirudi wakute kazi imekwisha. Leo ilikuwa Jumamosi. Mpira ulikuwa umeanza, na baba na mama walikuwa wameshakaa kwenye viti vyao.

"Nilisema Jumatatu."

"Gari lilikuwa linapita huku, dada."

Basi hapakuwa na namna. Aliitazama TV ya zamani, ile yenye kichogo. Ndani ya kichogo mlikuwa na joto, na ndani ya joto mlikuwa na mende, ukoo mzima, mababu na vitukuu. Ikiwaka robo saa ilianza kunuka mabawa yaliyoungua. Mende walitoka kupunga hewa, wakatembea juu ya kioo, wakapita kwenye tai ya msoma habari. Fundi aliwahi kuufungua mgongo wake, akaufunga haraka. "Msiipulizie dawa," alisema akijifuta mikono kwenye suruali. "Uchafu wao ndio unaoshikilia nyaya. Mkiwagusa, na yenyewe inakufa."

Na kazi ya Bibi Afya ilikuwa kufunga migahawa michafu. Wiki iliyopita, akiwa anaandika amri ya kufunga jiko la mtu, mende mnene alitoka kwenye daftari lake, akavuka ukurasa taratibu kama mwenye shamba. Mwenye mgahawa alimtazama mende, akamtazama yeye.

"Huyo si wangu, bibi," alisema. "Wangu ni wadogo."

Lakini kinyaa peke yake kisingemfanya anunue. Wazazi wake hawakujua mpira, hata timu hawakuwa nayo. Walichosubiri kila Jumamosi ni mtu aumie. Mchezaji akianguka, wanaume wanne wenye fulana za kijani hukimbia na machela, na wa tatu, mwenye bega la kushoto lililolegea, alikuwa kaka yake Bibi Afya, aliyeondoka nyumbani kwa hasira miaka tisa iliyopita na hajapiga simu hata mara moja. Ndivyo wazazi walivyosema. Kwenye kioo kile kilichofifia, uso wake haukuzidi punje ya haragwe.

"Amenenepa," baba alisema kila mara.

"Anakula vizuri," mama alijibu.

Bibi Afya alitaka kuuona uso huo sawasawa. Akiwa ni yeye, angemfuata uwanjani kesho yake na kumrudisha nyumbani.

Kijana alichomeka nyaya kwenye TV mpya, picha ikawaka. Majani ya uwanja yalihesabika. Jasho lilionekana likichuruzika shingoni mwa watu, na mchezaji mmoja akatema kohozi ambalo Bibi Afya aliliona mpaka rangi.

"Ndiyo uzuri wake, dada," kijana alisema kwa fahari. "Hakuna kinachojificha."

Mchezaji akaanguka.

"Ngoja nimletee mgeni maji," mama alisema, akaenda jikoni haraka, ingawa mgeni alikuwa na glasi ya maji mkononi.

Wabeba machela wakaingia. Wa tatu alikuwa mtu wa makamo, mwenye mvi kidevuni na kovu juu ya jicho. Hakufanana na yeyote wa nyumba ile.

Baba alinyoosha mkono, akazima. Mama aliporudi alikuta kioo cheusi.

"Inaumiza macho," baba alimwambia. "Irudishwe."

"Hata mimi nimeona," mama alisema.

Dukani hawapokei kilichokwisha kufunguliwa, kijana alieleza. Bibi Afya akamwomba aipeleke ofisini kwake, ikawekwe mahali watu wanaposubiria. Baba aliwafuata nje, akangoja gari liondoke.

"Nilijua zamani kuwa si yeye," alisema kwa sauti ya chini. "Unakumbuka siku niliyokwenda kung'oa jino?"

"Nakumbuka."

"Sikung'oa jino. Nilisimama kwenye geti la uwanja mpaka akatoka. Nikamsalimia, akaitikia, nikarudi." Akatazama dirishani, mahali mama alipokuwa akipita. "Huyu akijua, mwaka haumalizi. Niahidi hutamwambia, mwanangu. Na ile TV yake usiiguse."

Bibi Afya alifikiria daftari lake, mkoba wake, kikombe chake cha chai.

"Naahidi, baba."

Ndani, mama alikuwa ameshairudisha TV ya kichogo kwenye nyaya zake, na harufu ilikuwa imeanza. Alimvuta binti yake jikoni, akarudishia mlango.

"Umeuona uso wake?"

"Uso gani, mama?"

"Usinizungushe. Nilimfuata mwaka juzi, siku ile niliyosema nakwenda msibani. Ana watoto sita, na mama yake yu hai." Alimshika mkono kwa nguvu. "Nilikimbilia huku nisimtazame baba yako akigundua. Kumbe macho ya uzee yamemsaidia, hakuona kitu. Niahidi hutamwambia."

Sebuleni baba aliita. Kuna mtu ameanguka.

Bibi Afya alikwenda akakaa katikati yao. Mende mkubwa alishuka kutoka kwenye TV, akavuka sakafu, akampanda mguuni na kusimama juu ya kifundo, akichezesha sharubu. Hakumpangusa. Wanaume wanne wa kijani walikimbia uwanjani.

"Amenenepa," baba alisema.

"Anakula vizuri," mama alijibu.

Wote wawili wakageuka kumtazama.

Bibi Afya alikaza macho kwenye kioo. "Na leo kanyoa," alisema.