Imani: Tazama Dini

“Ujinga,” alisema mlinzi wa getini, bila hata kufikiri.

Mhariri aliirudisha kadi mkobani kwa hasira. Huyo alikuwa wa tatu tangu asubuhi. Muuza vocha alijibu “mapenzi.” Fundi viatu alikuna kichwa, akajibu “usingizi,” kisha akacheka peke yake.

Ofisi yao ya kamusi ilikuwa na desturi moja isiyovunjwa. Maana ya neno haikuchapwa mpaka asomewe mtu wa nje, bila kutajiwa neno lenyewe, naye alitaje. “Dhambi” ilipita papo hapo. Mlinzi alilitaja kabla hajamaliza kusomewa. “Ukweli” ulisumbua kidogo, ukapita. Sasa zilibaki kadi mbili tu: “imani,” iliyogoma kabisa, na “unafiki,” ambayo hakuna aliyeihofia.

“Jioni ikifika haijapita, narudisha maana ya zamani,” alisema mkuu wao. Walimwita Bwana Nukta, kwa kuwa akishasema lake hakuna wa kuongeza.

Maana ya zamani! Mhariri aliijua kwa moyo. “Imani: tazama dini.” Ukienda kwenye dini, unaambiwa, “tazama imani.” Alikuwa bado msichana wa shule siku alipozungushwa hivyo, wala hakuwa akifanya mzaha. Alikuwa amesali wiki nzima, amefumba macho mpaka yakamuuma, asisikie chochote. Baba yake, mhubiri, akiinua mikono tu, watu wazima walilia. Alitaka kujua baba ana kitu gani ambacho yeye hana. Tangu siku hiyo alijihesabu kuwa yeye ndiye mbovu wa nyumba ile, na hakuwahi kumwambia mtu.

Kwa hiyo hakukubali. Mtoto mwingine asije akafungua kamusi ile akarudishwa mikono mitupu. Na kama kuna mtu mmoja ambaye asingeweza kulikosa neno hili, alijua anakoishi.

Alimkuta baba yake sebuleni akipiga pasi joho la ibada ya jioni. Tangu mama afariki, alilipiga mwenyewe, na hakumruhusu mtu kuligusa.

“Shikamoo, baba.”

“Marahaba, mwanangu. Mbona umekonda? Hiyo kamusi inakula watu?”

Alimweleza utaratibu, akakaa ukingoni mwa kiti, akasoma: “Kukubali kwa moyo wote kuwa jambo ni kweli, bila kuliona wala kulithibitisha.”

Mhubiri alifikiri. Alifikiri kweli kweli, mpaka joho likaanza kunuka moshi, akainua pasi haraka.

“Utoto?”

“Hapana, baba.”

“Basi sijui. Ujana?”

Mhariri alikata maneno, akaongeza mengine, akasoma upya. Baba akasema “bahati.” Akakata tena. Safari hii alirahisisha mno, hata akaona aibu kidogo, maana ilikuwa karibu sawa na kumnong’oneza jibu: “Utulivu wa mtu anayejua moyoni kwamba Mungu yupo na anamsikia.”

Baba alilikunjua joho, akaitazama kola.

“Hilo sijakutana nalo,” alisema polepole. “Ni neno la zamani?”

Machozi ya hasira yalimlenga mhariri. Alimsamehe muuza vocha, na fundi viatu pia. Lakini huyu?

“Baba, unanitania! Mimi nina kazi, jioni hii kamusi inakwenda mtamboni kuchapwa!”

“Sikutanii, mama. Umeniuliza, nami nakujibu ninachokijua. Usinikasirikie.”

Alisema kwa upole mno, hata mhariri akashindwa kugomba. Nje waumini walikwisha kuanza kufika; sauti zao zilisikika wakisalimiana barabarani, na mmoja aliuliza kama mzee yuko tayari.

Basi. Bwana Nukta atapata maana yake ya zamani. Mhariri alifuta macho kwa kiganja, akaitoa kadi ya “unafiki,” ili angalau moja ipite. Aliisoma harakaharaka, bila moyo, huku akitafuta viatu vyake kwa mguu.

“Kujionyesha mbele za watu kuwa unasadiki jambo ambalo moyoni hulisadiki, na kufanya hivyo siku zote.”

Uso wa mhubiri ulifunguka. Alivaa joho, akafunga vifungo vyote mpaka cha shingoni, kisha akamshika binti yake bega kwa furaha ya mzazi ambaye mtoto wake amefaulu mtihani.

“Si ungesoma hivyo tangu mwanzo, mama?” alisema. “Imani.”